Sauti Ilivyoingia Ukutani Bungu

Ukitaka kujua umri wa nyumba hapa Bungu, tazama waya zake zinapita wapi. Mimi ni fundi umeme, na kazi hii imenifundisha kusoma historia ya mji wetu ukutani.

Nyumba za wazee wetu Wandengereko zilisimamishwa kwa nguzo, zikafungwa fito, zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Boriti nzuri zilitoka mikokoni, kwenye delta ya Rufiji, kulekule majahazi yalikopakia boriti za kupeleka Arabuni. Ukuta ule haukuwa na haja ya waya. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na redio ilipofika kwetu ilikuwa kasha la kubebwa mkononi, betri zake zikichoka zinaanikwa juani. Makao yake yalikuwa barazani, na aliyepita njia alisikiliza bure. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu nchi nzima walikaa vikundi vikundi kusikiliza somo la redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Redio kaseti na betri ya gari ndizo zilizoanza kuipeleka sauti ukutani. Marehemu baba alitoboa tundu baina ya fito mbili, akaipachika spika kwa misumari, akaufunika uso wake kwa kitambaa cha rangi ya udongo. Waya aliupandisha juu ya boriti, akaushusha chumbani ilipokaa betri, kisha mama akakandika palipobomoka. Ilipendeza. Masika yalipoingia, udongo ulinyonya maji, shaba ikaota ukungu wa kijani, na mchwa wakapanda fito hadi kwenye spika. Hata hivyo volti 12 za betri hazikumdhuru mtu.

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimezidi kusogea vijijini. Leo watu wanajenga kwa tofali za saruji, wanataka spika zichimbiwe ukutani na waya usionekane. Hapa mazoea ya betri ya gari ni hatari, kwa sababu umeme wa nyumbani ni volti 230. Waya wa spika naupitisha kwenye bomba lake peke yake, mbali na bomba la umeme. Vikilazimika kukutana, vinakatizana kama msalaba. Bomba nalishusha wima kutoka darini, ili anayepigilia msumari kesho ajue pa kuepuka.

Wazee walipitisha fito kabla ya kukandika. Nawe unayejenga, mwite fundi kabla ya plasta, piga picha kuta zikiwa wazi, uzihifadhi pamoja na hati za nyumba. Watakaoirithi watazihitaji.