Jiwe la buluu: maji ya shaba kutoka Kupro hadi Likasi

Wiki iliyopita mama mmoja, kati ya familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba, alinifungulia karatasi ndogo. Ndani kulikuwa na vipande vya buluu vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Jirani alimwambia ni dawa ya vidonda. Akaniuliza: « Ndugu yangu, hii inatoka wapi, na mtoto anaweza kuinywa kwa tumbo? » Jibu la swali la pili ni hapana. Jibu la swali la kwanza ni historia ndefu, na inatugusa sisi wa Katanga.

Waswahili wa pwani wanaita jiwe hilo mrututu. Halichimbwi sana likiwa hivyo. Linazaliwa kwenye maji. Shaba ikikutana na asidi ya salfuriki, inayeyuka na maji yanakuwa ya buluu. Maji ya moto sana yanabeba shaba hiyo zaidi ya mara tatu kuliko maji ya baridi. Basi ukichemsha maji hayo mpaka yapungue, halafu ukayaacha yapoe, shaba inakosa nafasi. Inaganda pembeni ya chombo na kuwa fuwele za buluu. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa fuwele hizo ni maji yaliyofungwa ndani.

Kazi hii ni ya zamani. Plinio, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79, alieleza namna watu wa Hispania walivyochemsha maji ya machimbo, wakayamwaga katika mapipa ya mbao, wakaning'iniza kamba zilizofungwa mawe. Fuwele ziliganda juu ya kamba kama vichala vya zabibu.

Miaka kama mia moja baadaye, daktari Galen alitembelea machimbo ya kisiwa cha Kupro. Jina la kisiwa hicho ndilo lililozaa neno « cuivre » la Kifaransa. Galen aliona maji ya kijani yakidondoka ndani ya mlima. Watumwa waliyabeba mbio mbio kutoka shimoni, kwa sababu hewa ilikuwa nzito na taa zilizimika. Nje waliyamwaga katika mabwawa madogo ya udongo, na baada ya siku chache yakaganda. Galen alirudi kwao na dawa yake. Watumwa walirudi shimoni.

Huku kwetu babu zetu walifuata njia ya moto. Wale walioitwa wakula shaba walichimba malakiti, jiwe la kijani, wakaliyeyusha wakati wa kiangazi kwa makaa na mivukuto. Walitengeneza misalaba midogo ya shaba, na ilitumika kama mali katika biashara na mahari. Mwami Msiri wa Bunkeya alipata nguvu nyingi kwa biashara ya shaba hiyo kabla ya kuuawa mwaka 1891.

Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, nayo ilianza na moto. Tanuru la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911. Lakini moto unataka mawe yenye shaba nyingi, na makaa yaliyotoka mbali, Rhodesia, yalikuwa ya gharama. Ndiyo maana mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, kilifungua njia ya maji: mawe yalisagwa, yakalowekwa katika asidi, kisha umeme ukaivuta shaba kutoka katika maji. Umeme wenyewe ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira.

Kwa hiyo Shituru haikugandisha maji ili kupata jiwe la buluu. Ilitaka shaba yenyewe. Lakini maji ni ya aina ileile. Pale bomba linapovuja na jua kukausha, jiwe la buluu linajiotea lenyewe. Viwanda vingine vinaligandisha kwa makusudi na kuliuza. Wakulima wanalichanganya na chokaa kuzuia ugonjwa wa majani. Dawa hiyo ilijulikana Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880, kwenye mashamba ya zabibu.

Sasa nirudi kwa yule mama. Nilimwambia jiwe lake ni la kweli, lakini si la kunywa. Linaleta matapishi makali, linaharibu ini na figo, na gramu 10 hadi 20 zinaweza kuua mtu mzima. Kwa mtoto ni kidogo zaidi. Akiwa amelimeza, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, na kipande kilichobaki kipelekwe pamoja naye.

Akaniuliza tena: na maji ya kijito kinachopita karibu na mahali wanapooshea mawe? « Sisi tunachemsha. »

Hapo ndipo historia ya Plinio inatufaa. Kuchemsha kunaua wadudu wa kipindupindu, na tuendelee kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi shaba. Wale wa Hispania walichemsha ili maji yapungue na shaba ibaki. Sufuria ya mama inafanya hivyohivyo: mvuke unaondoka, shaba inabaki, tena inazidi kukolea. Na maji yanaweza kuwa na shaba, au asidi, bila kuonyesha rangi. Yanayotoka kwenye mawe ya shaba si ya kunywa, hata yakichemshwa mara tatu. Tafuteni chemchemi iliyo juu ya machimbo, au bomba, hata kama ni mwendo.

Yule mama alifunga karatasi yake, akaiweka juu kabisa, mbali na watoto. Kesho yake nilimkuta njiani na bidoni mbili, akienda chemchemi ya mbali. Ni saa moja na nusu kwenda na kurudi. Wanaogawa maji katika kambi zetu wanapaswa kuijua saa hiyo na nusu.