Nani Alisimama Nyuma ya Kibarua? Wachina wa Tanga, Wabena wa Njombe na Reli ya Makambako

Ukimwuliza mtu wa Mahongole Wachina walifika lini nchini, aghalabu atakujibu kuwa walikuja wakati wa reli. Ana sababu ya kusema hivyo. Kata yake imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, na Makambako imekuwa mji kwa sababu ya kituo cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na njia panda ya barabara za Iringa, Mbeya na Songea. Lakini Wachina wa reli hawakuwa wa kwanza kuja kufanya kazi katika nchi hii. Karibu miaka 80 kabla yao, wakoloni wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuwaleta vibarua wa Kichina na wa Kijava hadi Tanga. Na katikati ya makundi hayo mawili lipo la tatu, ambalo wazee wa Ubena hawahitaji kusimuliwa: vijana wao wenyewe waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Makundi haya matatu hayajazoea kuwekwa katika hadithi moja. Hata hivyo, yote yalisafirishwa mbali na kwao kwa mkataba, yakaandikwa kwenye daftari, yakalala kambini, yakahesabiwa siku za kazi. Kilichoyatenganisha ni jambo moja: nani alikuwa na nguvu ya kumwita mwajiri na kumwuliza amewafanyia nini watu wake.

Kutoka Singapore hadi Tanga

Mwishoni mwa karne ya 19, Singapore ilikuwa soko kubwa la nguvu kazi katika Asia ya Kusini-Mashariki. Waingereza walijenga kituo chao hapo mwaka 1819, na Wachina wakaja kuwa wakazi wengi kuliko wote. Wengi walifika bila nauli. Dalali aliwalipia meli, nao wakawa wanadaiwa hadi atokee mwajiri wa kuwakomboa. Vyama vya siri vilishika biashara hiyo, na mtu aliweza kuuzwa kutoka dalali hadi dalali bila mwenyewe kujua anapelekwa wapi.

Mwaka 1877 serikali ya kikoloni iliunda idara ya kuwalinda Wachina na kumweka William Pickering, Mwingereza aliyejua lugha yao, kuwa mkuu wake. Madalali walitakiwa kuwa na leseni. Mikataba iliandikishwa mbele ya ofisa, naye alipaswa kumwuliza kibarua kama amekubali kwa hiari. Haikuwa huruma tupu. Idara hiyo ililengwa pia kuvunja nguvu za vyama vya siri, kuwachunguza Wachina na kuhakikisha mashamba hayakosi watu. Hata hivyo, palikuwa na ofisi yenye mlango, na ndani yake daftari lenye jina la kibarua na la mwajiri wake.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mashaka ya namna nyingine. Vita ya pwani iliyoongozwa na Abushiri bin Salim ilikuwa imezimwa mwaka 1889, na mwaka 1891 serikali ya Kaiser ikatwaa utawala kutoka kwa kampuni. Walowezi walikuwa wakipanda kahawa huko Derema, Usambara, na tumbaku huko Lewa. Ardhi walikuwa nayo, watu hawakuwa nao. Washambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao, chakula chao na watawala wao, wala hawakuona sababu ya kwenda kulima shamba la mtu.

Macho ya walowezi yakaelekea Asia. Huko Deli, katika kisiwa cha Sumatra, vibarua wa Kichina walikuwa wameyapa mashamba ya tumbaku ya Waholanzi sifa ya dunia. Mwaka 1892 mamia ya Wachina na Wajava wakapakiwa Singapore na kuletwa upande wa Tanga. Jaribio hilo halikudumu. Kibarua wa namna hii alikuwa ghali: nauli ya kuja, nauli ya kurudi, malipo ya juu kuliko ya Mwafrika, na mkataba uliosimamiwa na serikali nyingine. Kabla muongo haujaisha, makampuni yalikuwa yakiwatafuta Wanyamwezi na Wasukuma badala yake.

Si kwamba Mzungu alichoka na kibarua wa Kichina popote. Kati ya mwaka 1904 na 1907 Wachina zaidi ya 60,000 walipelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini, kwa mikataba ya miaka mitatu, wakalazwa kwenye kambi zenye ua na kuandikishwa kwa alama za vidole. Habari za kuchapwa viboko zilipofika London, zikawa hoja kubwa katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1906, na kufikia mwaka 1910 karibu wote walikuwa wamerudishwa kwao. Kelele za watu wa mbali zilifanya kazi ambayo mkataba wenyewe haukuifanya.

Kodi yamtafuta mtu wa bara

Kama kibarua wa nje ni ghali, dawa ni kumpata wa ndani kwa bei nafuu. Mwaka 1897 Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilijaza hazina, lakini ilikuwa na kazi ya pili: kumlazimisha mtu ambaye hakuwa na haja ya fedha aanze kuitafuta. Wakati huo mkonge ulikuwa umeanza kuota. Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 ilifika hai 62 tu, na hiyo ikawa mama wa mashamba yote yaliyofuata. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo, ikafika Mombo mwaka 1905.

Huko Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, utawala ulianzisha kadi za kazi mwaka 1907. Kila mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne, na asiyekuwa na alama za kutosha kwenye kadi yake alipelekwa kwenye kazi za umma. Hiki ndicho kipande, karatasi ndogo ambayo ingemfuata kibarua wa Tanganyika kwa miongo mingi.

Nyanda za juu kusini ziliingizwa katika mfumo huu kwa damu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, baada ya miaka saba ya kupigana na Wajerumani. Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ilifika Ubena, na watu wa chifu Mbeyela wakaishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kuchoma maghala na mazao, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Watoto wa waliosalimika katika njaa hiyo ndio waliokuwa vijana wa kulipa kodi Waingereza walipoishika nchi.

Njombe yageuzwa ghala la watu

Chini ya Waingereza, ramani ya uchumi wa Tanganyika iligawanywa kimyakimya. Ilikuwepo mikoa ya mazao, na ilikuwepo mikoa ya watu. Kilimanjaro na Bukoba walilima kahawa yao wenyewe, hivyo kodi haikuwasukuma mbali. Njombe ilikuwa juu, baridi, mbali na reli zote mbili, ya Tanga na ya Kati. Gunia la mahindi kutoka Ubena lilikuwa limekwisha kuliwa na gharama ya usafiri kabla ya kufika sokoni. Mwanahistoria James Graham, aliyeichunguza wilaya hiyo katika miaka ya 1960, alieleza jinsi wanaume wake walivyotegemea mishahara ya mbali kwa kuwa nyumbani palikosa njia nyingine ya kupata shilingi. Wengine walikwenda kwa miguu kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine waliishia kwenye chai ya Mufindi. Wengi wakaelekea Tanga.

Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi na kumkabidhi Meja Granville Orde-Browne. Ofisa huyu alijenga kambi za mapumziko kwenye njia za vibarua, akasisitiza posho, matibabu na mikataba inayoshuhudiwa. Kwa maandishi, kazi yake ilifanana na ya Pickering. Lakini mwaka 1931, bei ya mkonge ilipoanguka pamoja na uchumi wa dunia, idara yenyewe ilifungwa ili kubana matumizi. Mlinzi wa kibarua alikuwa wa kwanza kuachishwa kazi. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 haikuguswa. Chini yake, kibarua aliyetoroka kabla ya kumaliza mkataba alikuwa mhalifu wa kufungwa jela, siyo mtu aliyevunja makubaliano ya kawaida.

Vita ya pili ya dunia iliongeza shinikizo. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mataifa washirika yalipoteza vyanzo vyao vikuu vya kamba ngumu, na mkonge wa Tanganyika ukageuka mali ya vita. Watu wakachukuliwa kwa amri kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Sasa malori yalifika bara, mawakala wakapita vijijini, na kijana akaweka dole gumba kwenye mkataba mbele ya ofisa asiyeijua lugha yake. Akitoka hapo alikuwa manamba: mtu wa namba, anayesafirishwa, kulishwa na kuhesabiwa kwa namba hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri nyapara anagonga chuma kwenye laini za nyumba za vibarua. Mkataji anaingia kwenye mistari ya mkonge, anakata majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga majani 30 kuwa fungu moja, kisha anayabeba hadi kando ya njia ya troli inayoyapeleka kwenye korona, mashine ya kukamua singa. Maji ya jani huwasha ngozi, na mwiba ukikosewa huingia jichoni. Akitimiza idadi ya mafungu, siku yake inatiwa alama kwenye kipande. Asipotimiza, hata kama amefanya kazi mpaka jua kali, siku hiyo haihesabiwi. Ndiyo maana kipande cha siku 30 kiliweza kumchukua mtu wiki sita.

Katika kambi, Wabena walikaa upande wao, Wangoni wao, Wamakonde wao. Wenye mashamba walipenda hivyo, maana kambi iliyogawanyika kwa makabila ni vigumu kugoma kwa pamoja. Mgawanyo huo ulianza kuvunjika mwishoni mwa miaka ya 1950, pale chama cha wafanyakazi wa mashamba chini ya Victor Mkello kilipoitisha migomo mikubwa kwenye mkonge. Kwa mara ya kwanza manamba alikuwa na mtu wa upande wake mezani. Njombe nayo ilikuwa imeanza kupata ajira ya karibu: mwaka 1949 shirika la maendeleo la kikoloni lilianzisha mashamba ya miwati ya TANWAT, na kijana aliweza kulipwa mshahara bila kwenda kwenye mkonge wa Tanga.

Wachina wa mara ya pili

Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba isiyo na njia salama ya kufika baharini. Nchi za Magharibi zilikataa kujenga reli mpya. China ikakubali, na makubaliano yakatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, pamoja na mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima iko kwenye kilomita hizo zisizofika 160. Watu walikufa humo kwa maporomoko, magonjwa na ajali. Makaburi ya Wachina waliopoteza maisha yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Mchina huyu hakufanana na yule wa mwaka 1892. Nchi yake ndiyo iliyomtuma, ikamlipa, ikampangia muda wa kukaa na kumrudisha. Hakuwekwa sokoni na dalali yeyote. Lakini serikali yake ilimlinda kwa kumfunga: aliishi kwenye kambi yake na wenzake, bila mke wala watoto, akilima mboga zake uani, na kuchanganyika na wenyeji nje ya kazi hakukuhimizwa. Ulinzi na uangalizi vilikuwa mkono mmoja, kama vilivyokuwa Singapore.

Na Mtanzania aliyechimba handaki pamoja naye? Yeye alikuwa raia wa nchi huru, na wengi walitoka reli wakiwa na ufundi mikononi. Hata hivyo, chama cha Mkello na vyama vingine vilikuwa vimevunjwa mwaka 1964 na kuingizwa katika NUTA, chombo kilichokuwa chini ya serikali ileile iliyokuwa mwajiri. Alikuwa na dola nyuma yake, lakini alikuwa na pa kulalamikia pachache.

Swali linalobaki

Wapo wanaosimulia historia hii kama safari ya kutoka gizani hadi kwenye nuru: ukoloni, kisha uhuru, kisha urafiki. Ushahidi unaonyesha jambo lenye mikunjo zaidi. Kila wakati mkataba ulipokuwepo, uzito wake ulipimwa na ofisi iliyosimama nje ya mwajiri: idara ya Singapore, kelele za London, chama cha Mkello. Ofisi hiyo ilipofungwa, kama mwaka 1931, au ilipokuwa mali ya mwajiri mwenyewe, maneno ya mkataba yalibaki yaleyale na hali ya kibarua ikabadilika.

Jambo hili halijapita. Wasichana wa Tanzania wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kwa mikataba ya kazi za nyumbani, chini ya mfumo wa kafala unaomfungamanisha mfanyakazi na mwajiri mmoja. Wanaoandika sera za ajira za nje hujadili zaidi kima cha mshahara na ada ya wakala. Historia ya Tanga na Njombe inaelekeza kwingine: kwanza ijulikane ni ofisa gani, katika mji upi, mwenye mamlaka gani, atakayempokea msichana huyo akikimbia nyumba ya mwajiri usiku. Kama jibu halipo kabla hajapanda ndege, basi saini yake kwenye karatasi haina nguvu kuliko dole gumba la manamba.