Neno la Wiki: Tarakimu

Juzi, kwenye saiba moja hapa Mutomo, mwanafunzi alifungua picha za kurasa 12 za daftari lake. Programu ilizipanga hivi: ukurasa1, ukurasa10, ukurasa11, ukurasa12, ndipo ukurasa2. Siri iko katika neno tarakimu, tulilolipata kwa Kiarabu. Tarakimu ni alama, kuanzia 0 hadi 9; nambari ni thamani inayoandikwa kwa alama hizo. Programu ililinganisha alama moja moja, kama herufi za kamusi: 1 hutangulia 2, basi 10 ikatangulia 2. Ili kurekebisha mpangilio huo, mtunzi wa programu aiagize isome tarakimu zinazofuatana kama nambari moja nzima. Nawe, unapozipa picha majina, waweza kuandika 01, 02, hadi 12. Walimu wenzangu, tusiyachanganye maneno haya mawili, tarakimu na nambari, darasani.