Mwizi wa Koti la Kijani: Historia Fupi ya Tokyo Movie na Lupin wa Tatu

Jumapili ya tarehe 24 Oktoba 1971, saa moja na nusu jioni, televisheni ya Yomiuri ya Osaka ilianza kurusha katuni mpya. Aliyetokea kwenye skrini hakuwa mchezaji besiboli mwenye machozi wala jini mcheshi, wahusika ambao watoto wa Japani walikuwa wamewazoea. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani, sigara mdomoni, bastola ya Walther P38 kwapani, akimwandama mwanamke ambaye hakuna mwenye akili angemwamini. Jina lake Lupin wa Tatu. Watazamaji walikuwa wachache. Machi 1972, baada ya vipindi 23 tu, akaondolewa hewani.

Kampuni iliyomtengeneza iliitwa Tokyo Movie. Leo inaitwa TMS Entertainment, makao yake yako Nakano, Tokyo, na imeshavuka miaka 60 tangu ianze. Imetoa katuni nyingi zilizopendwa tangu siku ya kwanza kuliko mwizi huyu. Hata hivyo, anayetaka kuielewa nyumba hiyo amfuate yeye, kwa sababu ndiye aliyekataliwa na bado akabaki ndani. Kila mwongozaji aliyekabidhiwa Lupin alibishana na mwenzake aliyemtangulia kuhusu mtu huyu ni nani hasa, na ubishi huo ndio uliomweka hai.

Tokyo Movie ilizaliwa 1964. Mwanzilishi wake, Yutaka Fujioka, alitoka kwenye sanaa ya vikaragosi. Mwaka mmoja kabla, Osamu Tezuka alikuwa ameonyesha kwa Astro Boy kwamba katuni ya nusu saa inaweza kutoka kila wiki kwenye televisheni, na vituo vingine vikataka za kwao. Fujioka akaanza na Big X, iliyotokana na manga, yaani hadithi ya picha, ya Tezuka huyohuyo. Mzigo ulimwelemea. Akatafuta mshirika, akampata Daikichiro Kusube, mchoraji mzoefu aliyetoka studio ya Toei na kufungua studio yake ndogo, A Production. Wakagawana kazi: Tokyo Movie itafute hadithi, fedha na kituo cha televisheni, A Production ichore. Ushirika huo ukatoa Obake no Q-taro mwaka 1965, Kyojin no Hoshi mwaka 1968, kisha Moomin na Attack No. 1 mwaka 1969. Nyumba ikasimama.

Lupin alikuwa na umri wa miaka minne alipofika kwenye televisheni. Alianza Agosti 1967 katika jarida la Weekly Manga Action, kwa kalamu ya kijana wa Hamanaka, mji wa pwani huko Hokkaido. Kijana huyo, Kazuhiko Kato, alipewa na mhariri wake jina la ajabu la Monkey Punch, jina ambalo hakulipenda lakini alikufa nalo mwaka 2019. Alimfanya shujaa wake mjukuu wa Arsène Lupin, mwizi muungwana aliyebuniwa na Mfaransa Maurice Leblanc mwaka 1905. Ruhusa hakuomba. Jambo hilo lilisumbua kwa miaka mingi nje ya Japani, hadi Ufaransa, nchi ya babu, mjukuu akalazimika kuitwa Edgar. Ila Leblanc naye alikuwa amemchukua Sherlock Holmes wa Conan Doyle akamwingiza katika hadithi zake, na Mwingereza alipolalamika akabadilisha herufi mbili tatu, akamwita Herlock Sholmès. Ukoo huu ulianza na kuazima majina ya watu.

Monkey Punch alimzungushia mwizi wake watu wanne, na ndani yao Wajapani waliisikia historia yao. Goemon, mwenye upanga unaokata chuma, ni wa kizazi cha 13 cha Ishikawa Goemon, jambazi aliyechemshwa ndani ya sufuria huko Kyoto mwaka 1594. Inspekta Zenigata, anayemfukuza Lupin dunia nzima, jina lake limetoka kwa mpelelezi wa zama za Edo katika hadithi za Kodo Nomura. Fujiko Mine, mrembo msaliti, amebeba jina la kilele cha mlima Fuji. Wa nne ni Daisuke Jigen, mlenga shabaha mwenye kofia iliyofunika macho, rafiki asiyesema mengi.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za Abunuwasi tuna njia fupi ya kumfikia Lupin. Tunaijua furaha ya kumwona mjanja akiwazidi akili wenye ngome na walinzi. Lakini Abunuwasi ana njaa. Ujanja wake unatoka tumboni. Je, Lupin naye ana njaa? Juu ya swali hilo ndipo nyumba ya Tokyo Movie ilipogawanyika.

Mwongozaji wa kwanza, Masaaki Osumi, alijibu kwamba hana. Osumi naye alitoka kwenye vikaragosi, na alikuwa ameongoza Moomin. Filamu ya majaribio ya Lupin aliitengeneza mwaka 1969, na miaka miwili ikapita kabla hajapatikana mnunuzi. Lupin wake ni mrithi aliyezaliwa na kila kitu, anayeiba kwa sababu dunia imemchosha. Huendesha Mercedes-Benz SSK, gari la kitajiri la miaka ya 1920, na huingia hatarini kama mtu anayetafuta kitu kitakachomzuia asilale. Kimya ni kirefu, vivuli ni vingi, na kifo kipo karibu.

Aliyeupa ulimwengu huo uzito alikuwa mkuu wa wachoraji, Yasuo Otsuka. Kabla ya kuingia kwenye katuni, Otsuka aliwahi kufanya kazi katika idara ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, ambako kati ya kazi zake ilikuwa kuzitunza bastola za maofisa. Magari aliyapenda tangu utoto, hasa magari ya jeshi. Kwa hiyo kwenye Lupin hakuna "bastola" tu wala "gari" tu. Kuna Walther P38 ya Lupin na Smith & Wesson ya Jigen, kila moja na umbo lake na namna yake ya kufyatua. Katuni ya televisheni ya Japani haikuwa na desturi ya kuheshimu vyuma kiasi hicho.

Takwimu za watazamaji zilipokuja ndogo, Osumi alitakiwa alegeze, awape watoto kitu chao. Akakataa, akaondolewa. Naandika hili kwa masikitiko, kwa sababu vipindi vile vya mwanzo ndivyo ninavyovirudia mara nyingi zaidi. Vina upweke ambao Lupin hakuwahi kuupata tena kwa ukamilifu ule.

Ndani ya A Production walikuwamo wakati huo vijana wawili waliotoka Toei kwa kazi nyingine kabisa. Hayao Miyazaki na Isao Takahata waliitwa kutengeneza katuni ya Pippi, yule msichana mwenye nguvu wa vitabu vya Astrid Lindgren. Miyazaki na Fujioka walisafiri hadi Sweden mwaka 1971 kumwomba mwandishi ruhusa. Ruhusa haikutoka. Wakarudi na michoro ya mitaa na nyumba za Visby, na muda si mrefu Miyazaki na Takahata wakakuta Lupin ameachwa katikati ya safari. Wakampokea. Majina yao hawakutaka yaonekane. Kwenye orodha ya watengenezaji iliandikwa tu kwamba kazi imeongozwa na kikundi cha A Production.

Wote wawili waliwahi kuwa viongozi wa chama cha wafanyakazi kule Toei, na Lupin wa kitajiri hakuwaingia akilini. Miyazaki akamwona mtu mwingine: kijana asiye na senti, mcheshi, mwenye mbio, anayeiba kwa sababu anaishi. Mercedes ikawekwa pembeni. Mahali pake pakaja Fiat 500, kigari cha watu wa kawaida wa Italia, ambacho Otsuka mwenyewe alikuwa nacho. Lupin akapata njaa. Na kwa kuwa vipindi vya Osumi na vya Miyazaki vilirushwa katika mfululizo mmoja, watazamaji wakapewa watu wawili ndani ya koti moja.

Marudio ndiyo yaliyomwokoa. Vituo viliurusha tena mfululizo ule wa 1971 mara kadhaa, na kila mara watazamaji waliongezeka. Kampuni yenyewe ilikuwa inabadilika: mwaka 1976 ikawa Tokyo Movie Shinsha, na A Production ikajitenga na kuitwa Shin-Ei. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Oktoba 1977, Lupin akarudi akiwa na koti jekundu na muziki wa Yuji Ohno, akakaa hewani hadi Oktoba 1980, vipindi 155. Huyu ndiye aliyeingia kila nyumba Japani. Filamu ya kwanza ya sinema, iliyoongozwa na Soji Yoshikawa, ikatoka Desemba 1978 ikajaza kumbi.

Fujioka akataka nyingine haraka. Otsuka ndiye aliyeombwa, naye akamtafuta Miyazaki, ambaye wakati huo alikuwa kampuni nyingine akichora mandhari za Anne of Green Gables chini ya Takahata. Miyazaki akaacha kazi ile katikati, akaja. Hakuwa ameongoza filamu ya sinema kabla ya hapo. Miezi aliyopewa ilikuwa michache, na timu yake ilitoka Telecom, studio ambayo Fujioka aliianzisha mwaka 1975 kwa lengo la kuandaa vijana watakaochora filamu ya kuiteka Marekani, Little Nemo.

The Castle of Cagliostro ilitoka tarehe 15 Desemba 1979. Inaanza pale ambapo hadithi nyingi za wizi huishia: Lupin na Jigen wametoka kuiba kasino, Fiat imejaa noti hadi dirishani. Lupin anazitazama, anagundua ni bandia, na zote zinatupwa barabarani zikipepea nyuma ya gari. Fedha haina kazi tena katika filamu hii. Kinachofuata ni kidola kidogo kando ya ziwa, mtawala anayechapisha noti bandia za dunia nzima, na binti anayelazimishwa kuolewa. Hazina inapofunuliwa mwishoni, ni mji wa Warumi uliolala chini ya maji, mkubwa mno kutiwa mfukoni. Lupin anaondoka mikono mitupu, na Zenigata anamweleza yule binti kwamba kilichoibwa ni moyo wake.

Wapenzi wa manga walinung'unika: huyu mwizi mpole, anayejizuia asimkumbatie msichana, ni nani? Kumbi za sinema hazikujaa. Filamu ikapewa Tuzo ya Noburo Ofuji, tuzo yenye heshima kubwa katika katuni za Japani, lakini kwa miaka kadhaa mwongozaji wake hakukabidhiwa filamu nyingine ya sinema. Leo ndiyo inayotajwa kwanza na wengi duniani wanapoulizwa kuhusu Lupin. Wanaonung'unika bado wapo, na wana hoja. Miyazaki alimpenda Lupin hata akamtakasa. Alipokabidhiwa kipindi cha mwisho cha koti jekundu mwaka 1980, alitumia jina la bandia na kuandika hadithi ambamo Lupin anayeonekana akiiba mjini ni tapeli, na yule wa kweli amejificha ndani ya sura ya Zenigata. Ni vigumu kutosikia hapo fundi akisema kwamba miaka mitatu yote mlikuwa mnamtazama mtu asiye yeye.

Little Nemo ilimla Fujioka. Miyazaki na Takahata walijaribiwa katika kazi hiyo wakaondoka, na mwaka 1985 wakaanzisha studio yao, Ghibli. Filamu ilipotoka mwaka 1989 haikurudisha gharama, na mwanzilishi akaiacha nyumba aliyoijenga. Alifariki 1996. Kwa hiyo Telecom, iliyojengwa kwa ajili ya ndoto moja, ilitoa kwanza Cagliostro, na ndoto yenyewe ikamwondoa mwenye nyumba. Mwaka 1995 kampuni iliunganishwa na Kyokuichi, kampuni ya nguo iliyoanza 1946 kwa kutengeneza glavu. Baadaye ikawa chini ya Sega.

Lupin hakusimama. Alivaa koti la waridi mwaka 1984. Mwaka 1985 filamu yake iliongozwa na Seijun Suzuki akishirikiana na Shigetsugu Yoshida, baada ya wazo la Mamoru Oshii kukataliwa. Kuanzia 1989, Osamu Dezaki alifungua utaratibu wa filamu ndefu ya televisheni karibu kila mwaka. Mwaka 2012 Sayo Yamamoto, mwanamke wa kwanza kuongoza mfululizo wa Lupin, alimgeuzia kamera Fujiko na kurudisha giza lile la Osumi, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2015, kwa koti la buluu, mfululizo mpya ulirushwa Italia kabla ya Japani.

Sura zilikuwa zikibadilika, lakini sauti kadhaa zilidumu miaka mingi, na ndizo zilizokuwa ngumu kuachana nazo. Yasuo Yamada, aliyekuwa sauti ya Lupin tangu 1971, alifariki Machi 1995. Katika mazishi, Goro Naya, aliyemwigiza Zenigata, alimwita marehemu kwa jina la Lupin na kumuuliza tangu sasa atamfukuza nani. Aliyechukua nafasi, Kanichi Kurita, alikuwa mchekeshaji anayeiga sauti za watu, na sauti ya Yamada ilikuwa mojawapo ya alizoziiga. Ameishikilia kazi hiyo miaka mingi kuliko aliyemrithi.

Kiyoshi Kobayashi alidumu kuliko wote. Alikuwa Jigen katika filamu ya majaribio ya 1969, na alikuwa bado Jigen mwaka 2021, akikaribia miaka 90. Kipindi cha kumuaga kilirushwa Oktoba mwaka huo, na miezi michache baadaye, Julai 2022, akafariki. Kofia ya Jigen ilipewa Akio Otsuka. Baba yake, Chikao Otsuka, ndiye aliyekuwa sauti ya Goemon mwaka 1971, katika vile vipindi 23 ambavyo watu wachache walivitazama.