“Binafsi” ya Kaya Binafsi

Utafiti ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu huutumia kupima umaskini Tanzania Bara unaitwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Jina lake la Kiingereza linataja kaya na bajeti tu, “binafsi” haimo. Aliyeliweka Kiswahili aliongeza neno moja, na neno hilo ndilo mpaka wa utafiti wenyewe. Kaya, kitakwimu, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au la. Ikiitwa binafsi, imeshawaacha nje wafungwa, wanafunzi wa bweni na wazee wa makazi ya kulelea, na anayelala stendi hana mlango wa kupigiwa hodi. Kwa hiyo tunaposoma kwamba mwaka 2017/18 asilimia 26.4 waliishi chini ya shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, tumezoea kusema ni asilimia ya wananchi wa Bara. Jina la utafiti halisemi hivyo.

Hata waliomo ndani ya mpaka hawaonekani sawasawa. Mdadisi huorodhesha kaya za eneo, kisha zilizochaguliwa huulizwa kwa kina na kuandika matumizi yao siku hadi siku. Mfugaji aliyehama na ng’ombe kufuata malisho hakutwi nyumbani. Nafasi yake hubebwa na kaya zilizokutwa, kana kwamba aliyehama anaishi kama aliyebaki. Msichana wa kazi naye ana lake. Akilala kwa mwajiri huhesabiwa humo humo, na kwa kuwa matumizi ya kaya hujumlishwa ndipo yagawanywe kwa wote, fungu lake la nyama na umeme kwenye karatasi linafanana na la mama mwenye nyumba, hata kama halali kitandani na anakula wa mwisho. Amefikiwa, amehesabiwa, na si maskini!

Watakwimu watajibu kwamba makundi haya ni madogo, hayawezi kuitikisa asilimia ya taifa. Huenda, kwa nchi moja. Lakini mtafiti Roy Carr-Hill mwaka 2013 alikadiria kwamba duniani watu milioni 250 hawamo katika orodha za tafiti za namna hii, na wanaokosekana ni mafukara zaidi, si wa kubahatisha. Wengine watasema sensa huwahesabu. Kweli, Sensa ya 2022 iliwahesabu hata wanaolala nje, ila sensa haiulizi mtu ametumia shilingi ngapi. Hoja ya gharama ndiyo nzito, maana kumtafuta asiye na makazi kwa shajara na ziara za kurudia ni kazi bure. Afadhali tafiti ndogo za pembeni: wafugaji wahojiwe lamboni wanaponywesha mifugo, wasichana wa kazi waulizwe wao wenyewe bila mwajiri kuwapo, na matokeo yachapishwe katika jedwali lao peke yake, bila kuchanganywa na ile 26.4.