Jumba Lisilo na Wakfu: Historia ya Makumbusho ya Ashmole katika Chuo Kikuu cha Oxford

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa watoto, lakini hapana linalotuzuia kuitumia kwa nyumba za elimu. Mara kwa mara tunasikia kwamba chuo fulani kimefungua jengo jipya la sayansi au la sanaa. Utepe umekatwa na hotuba zimetolewa. Ni nadra kusikia ni nani atakayemlipa mtunzaji wa jengo hilo mwaka wa kumi baada ya sherehe. Katika makala haya tunakusudia kuichungua historia ya jumba moja kongwe la namna hiyo, nalo ni Makumbusho ya Ashmole katika mji wa Oxford, Uingereza. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lilikusanya chini ya paa moja sayansi na sanaa, mafunzo na maonyesho. Pili, mmoja wa watunzaji wake alikuwa mtu wa lugha kama sisi, na yaliyompata hayana budi kutushughulisha.

Asili ya hazina

Mwanzo wa jumba hili haukuwa Oxford bali kusini mwa London, mahali paitwapo Lambeth. Huko waliishi baba na mwana, wote wawili wakiitwa John Tradescant, waliokuwa watunza bustani wa wafalme na mabwana wakubwa. Katika safari zao, na kwa msaada wa mabaharia na wafanyi biashara, walikusanya mbegu, makombe, silaha, sarafu, mavazi na wanyama waliokaushwa. Miongoni mwa vitu hivyo lilikuwamo joho la ngozi lisemwalo kuwa la Powhatan, chifu wa Virginia, na ndege aitwaye dodo (si embe letu dodo) kutoka kisiwa cha Mauritius, mashariki ya Bukini. Nyumba yao watu waliiita Safina, kwa kuifananisha na ile ya Nuhu, na ye yote aliyetaka kuitazama alilipa peni sita, yaani nusu shilingi.

Orodha ya hazina hiyo ilichapishwa mwaka 1656, na gharama zake zilichukuliwa na Elias Ashmole, mwanasheria na mpenzi wa mambo ya kale. Mwaka 1659 Tradescant mdogo alitia saini hati ya kumpa Ashmole vitu vyote. Alipofariki mwaka 1662 mjane wake aliipinga hati hiyo, shauri likafika mahakamani, na mwaka 1664 Ashmole akapewa haki.

Jengo na sheria zake

Katika miaka ya 1670 Ashmole alikiambia Chuo Kikuu cha Oxford kwamba yu tayari kukikabidhi hazina hiyo kwa sharti moja: Chuo kijenge nyumba inayoistahili. Ujenzi ulianza mwaka 1679, na tarehe 21 Mei, 1683, jumba likafunguliwa na James, ndugu yake Mfalme Charles wa Pili, ambaye miaka miwili baadaye mwenyewe alitawazwa. Gharama zilizidi pauni 4,500. Kwa wakati ule fedha hizo zilikuwa nyingi mno, hata Maktaba ya Bodley, iliyo jirani na jumba, ikapungukiwa na fedha za kununulia vitabu kwa miaka kadhaa.

Mpango wa jumba ulikuwa wa busara. Orofa ya juu iliwekwa vitu vya kutazamwa. Ya kati ilikuwa ukumbi wa mihadhara. Na chini kabisa ilikuwamo maabara ya kemia. Hivyo mwanafunzi aliweza kukiona kitu, akafundishwa habari zake, kisha akashuka kujaribu kwa mikono yake. Robert Plot, mtunzaji wa kwanza, ndiye pia aliyekuwa profesa wa kemia.

Mwaka 1686 Ashmole aliweka sheria za kuliendesha jumba. Wakaguzi, akiwamo Makamu wa Mkuu wa Chuo, walitakiwa kuja kila mwaka kuvikagua vitu kwa orodha. Kilichooza kiliweza kuondolewa ili kingine kiwekwe mahali pake. Sheria hizo kwa hakika zilikuwa njema, isipokuwa katika jambo moja: malipo ya mtunzaji yalitakiwa kutoka katika kiingilio cha wageni.

Hapa ndipo penye kasoro. Wazee wa pwani yetu walipojenga msikiti hawakuishia kwenye kuta. Aghalabu mjenzi aliweka wakfu shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka, na litengeneze paa linapovuja. Ashmole alitoa hazina, na Chuo kikatoa kuta, lakini wakfu haukuwapo. Plot alitumaini kwamba Ashmole angeacha fungu la fedha kwa ajili ya kazi yake, asilipate, naye akajiuzulu mwaka 1690. Ashmole alipofariki mwaka 1692 aliliachia jumba vitabu na hati zake nyingi, vitu ambavyo navyo vilihitaji mtunzaji.

Yatupasa tuseme, hata hivyo, kwamba kutegemea kiingilio kulikuwa na upande wake mwema. Mwaka 1710 msomi mmoja wa Kijerumani, Zacharias Conrad von Uffenbach, alilizuru jumba akachukizwa kukuta watu wa mashamba, na hata wanawake, wameruhusiwa kuingia kwa peni sita na kuvishika vitu. Sisi hatuungani naye. Chuo chenyewe hakikuwapa wanawake shahada mpaka mwaka 1920. Ilhali mlango wa jumba ulikuwa umefunguliwa kwao tangu zamani na hizo peni sita.

Mtunzaji mwanalugha

Aliyemfuata Plot, mwaka 1691, alikuwa msaidizi wake Edward Lhwyd, mtu wa asili ya Wales. Huyu alikuwa bingwa wa mawe yenye mabaki ya viumbe vya kale. Alipomaliza kuandika orodha yake ya mawe hayo Chuo hakikugharamia uchapaji, na kitabu kilitoka mwaka 1699 kwa michango ya marafiki kumi hivi, Isaac Newton akiwa mmoja wao. Zilichapwa nakala 120 tu.

Lakini kazi inayotugusa zaidi ni ile ya lugha. Kuanzia mwaka 1697 hadi 1701 Lhwyd alisafiri katika Wales, Scotland, Ireland, Cornwall na Brittany, akiandika maneno kutoka vinywani mwa watu na kunakili hati za kale. Safari hiyo nayo haikulipiwa na jumba, bali na watu walioahidi kuchanga kila mwaka. Mwaka 1707 alitoa jalada la kwanza la matunda ya safari hiyo, ambamo alizilinganisha lugha za Kikelti neno kwa neno na sauti kwa sauti, akaonyesha udugu wake. Hata leo wanaisimu humtaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa ulinganishaji wa lugha.

Majalada mengine hayakutoka. Lhwyd alifariki mwaka 1709, katika chumba chake mle mle jumbani, akiwa na deni. Karatasi zake zilihesabiwa kuwa mali ya mdaiwa. Chuo kilizishika kwa ajili ya deni hilo, kisha kikaziuza kwa tajiri mmoja. Katika vizazi vilivyofuata zilitawanyika. Nyingine ziliokoka kwa kupelekwa Dublin, na nyingine ziliteketea, zikiwamo zile zilizoungua pamoja na jumba la Hafod, Wales, mwaka 1807. Hivyo maneno ya wazee waliohojiwa vijijini yalipotea kwa sababu mtu aliyeyakusanya hakuwa na mshahara wa kutosha, na kwa sababu hapakuwa na sheria iliyotenga mali ya mtunzaji na mali ya elimu.

Kudhoofika na kufufuka

Baada ya Lhwyd jumba lilipoa. Ilipofika mwaka 1755 yule ndege dodo alikuwa ameoza hata ikabidi aondolewe; kilichobaki ni kichwa na mguu. Kwa kuwa dodo wametoweka duniani tangu karne ya 17, mabaki hayo machache leo ni hazina isiyo na kifani kwa wataalamu wa viumbe.

Kufufuka kwa kweli kulikuja fedha zilipopatikana kwa njia ya kudumu zaidi. Sayansi ilipata jumba lake jipya mwaka 1860, na sehemu kubwa ya gharama, pauni 30,000, ilitokana na faida ya uchapaji wa Biblia katika matbaa ya Chuo. Hata hivyo fedha zilikwisha kabla ya nakshi za mawe kumalizika, na mpaka leo ziko nguzo na madirisha ambayo wachongaji waliyaacha nusu. Kichwa cha dodo kimehifadhiwa humo. Kwa upande wa sanaa na mambo ya kale, Arthur Evans, aliyekuwa mtunzaji tangu mwaka 1884, alimvuta tajiri Charles Fortnum, ambaye alitoa mkusanyo wake pamoja na pauni 10,000. Kwa fedha hizo makumbusho yalihamia nyumba kubwa zaidi mwaka 1894. Jengo la zamani nalo halikuachwa. Tangu miaka ya 1920 limekuwa makumbusho ya historia ya sayansi. Makumbusho ya Ashmole yenyewe yalijengwa upya kwa pauni milioni 61 na kufunguliwa mwaka 2009. Kiingilio cha kawaida sasa ni bure, kwa kuwa gharama hubebwa na mifuko mingi pamoja: ruzuku, wafadhili, na tikiti za maonyesho maalumu.

Funzo kwetu

Walimu wenzetu, wengi wetu katika nchi zetu tunazo kanda za masimulizi ya wazee, madaftari ya misamiati, na hati za tenzi tulizokusanya kwa nauli zetu wenyewe. Sisi ni akina Lhwyd wadogo. Kabla ya kudai jengo, tuanze na mambo mawili yasiyohitaji saruji. La kwanza, kila kilichokusanywa kwa jina la chama kiandikwe katika orodha ya chama, na nakala ya orodha hiyo ikae mahali pengine, ili mwenzetu akifariki warithi wajue kilicho chake na kilicho cha wote. La pili, sehemu ya ada ya kila mwaka, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa ajili ya kutunza hivyo tulivyo navyo, wala isiguswe kwa sherehe. Jengo likija litakuta kuna cha kuweka ndani yake, na kuna anayelipwa kukitunza.