Mohoro na safari ya malipo: kutoka rupia ya kodi hadi "na ya kutolea"

Historia ya malipo nchini Tanzania husimuliwa kutokea Dar es Salaam. Inaanza na benki kubwa, inapitia mashine za kutolea fedha na kadi za plastiki, inamalizikia kwenye simu. Ukiisimulia kutokea Mohoro, upande wa kusini wa mto Rufiji, mpangilio huo hausimami. Mohoro ilionja ukali wa fedha zaidi ya karne moja kabla ya pesa za simu, ikaishi mbali na benki kwa vizazi, kadi ikaipita kando, na simu ilipofika ikazoeleka haraka kuliko chochote kilichoitangulia. Katika vipindi vyote hivyo kuna mtu mmoja asiyekosekana, ingawa cheo chake hubadilika: yule anayekaa kati ya ulichonacho na pesa inayokubalika.

Reale, rupia na boriti

Kabla ya Wajerumani, delta ya Rufiji haikuwa pembezoni mwa biashara. Mchele wa bonde uliuzwa hadi Unguja, na boriti za mikoko zilipakiwa kwenye majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakangoja kusi ili yarudi. Sarafu zilizozunguka zilikuwa za wageni: reale ya fedha yenye kichwa cha Maria Theresa wa Austria, na rupia ya Uhindi pamoja na pesa zake za shaba.

Mkulima na mkata boriti hawakulazimika kuzishika sarafu hizo kila siku. Waliweza kulipwa kwa nguo, chumvi au jembe, na deni likasubiri mavuno. Fedha ilikuwa njia mojawapo ya kulipana. Haikuwa sharti.

Rupia tatu za kodi

Sharti lilikuja na serikali. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890, na mwaka 1897 ikatolewa amri ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa 1898. Nyumba ya shambani ilitakiwa kulipiwa rupia 3. Mwanzoni watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao, lakini kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilitaka sarafu mkononi. Mohoro ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani katika Rufiji.

Rupia 3 zingetoka wapi? Jibu la serikali lilikuwa pamba. Kuanzia 1902 yakafunguliwa mashamba ya pamoja, watu wakilimishwa chini ya maakida na majumbe. Katika wilaya ya Dar es Salaam, mwaka wa kwanza mfanyakazi aliambulia senti 35, kiasi kisichofika hata nusu ya rupia moja, na wapo waliokataa kuzipokea. Mwaka 1904 serikali ikabadilisha hesabu za sarafu: rupia moja ikawa hela 100 badala ya pesa 64. Machi 1905 ikaja amri mpya ya kodi, na asiye na fedha akatakiwa kulipa kwa kazi.

Julai mwaka huohuo, Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba. Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alikamatwa akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Samanga, mji wa biashara wa pwani ya karibu, ukavamiwa na maduka yake yakachomwa.

Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi: kazi za shokoa, ukatili wa maakida, ardhi, heshima iliyovunjwa. Lakini fedha imo ndani ya kila moja. Mtu alidaiwa kwa sarafu ambayo mdai huyohuyo ndiye aliyeitoa, kisha akalipwa kwa kazi ya mwaka kiasi kisichotosha kulipa deni lenyewe. Na kati yake na sarafu hiyo alisimama akida, mwenye kupokea, kuhesabu na kuchapa viboko.

Hela yenye tundu, noti zisizoaminika

Baada ya vita zikaja sarafu ndogo za hela 5 na hela 10 zenye tundu katikati. Tundu hilo lilikuwa na kazi, kwani mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga kwenye uzi akazifunga kiunoni. Waingereza nao walitumia umbo hilo kwa senti zao, na wazee wengi wanazikumbuka.

Vita vya kwanza vya dunia viliifikia delta yenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikono ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Koloni likafungiwa bahari, sarafu zikaadimika, serikali ikachapa noti za dharura na mwaka 1916 ikagonga sarafu Tabora kwa shaba ya kuokoteza. Waingereza walipokamata nchi, thamani ya karatasi zile ikaanguka. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini, na florini haikudumu: kuanzia 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi. Mtu wa makamo wa Mohoro wakati huo alikuwa amekwisha kupitia pesa, hela, noti za vita, florini na shilingi, na kila badiliko lilimtaka abadilishe akiba yake kwa masharti ya mwingine.

Huyo mwingine, mara nyingi, alikuwa mwenye duka. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Utete, Mohoro na vituo vya mtoni walinunua mazao, wakauza nguo na mafuta ya taa, na wakakopesha. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ikapitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: deni ambalo halikuidhinishwa na ofisa wa serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Sheria ilisemwa kuwa ni ya kumlinda mkopaji. Matokeo yake ni kwamba mkulima alibaki bila mkopo rasmi, na mkopo wa kaunta ukaendelea kwa kuaminiana na kwa bei aliyoipanga mwenye daftari.

Benki ng'ambo ya mto

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika mwaka huo. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zikataifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka uliofuata, Operesheni Rufiji ikawahamisha watu wa mabondeni kwenda vijiji vya nchi kavu.

Watu walihama, benki haikuwafuata kijijini. Korosho na pamba zililipwa kupitia ushirika, na mkulima aliyeuza mazao yake mara nyingi aliondoka na stakabadhi huku fedha ikifuata baadaye. Aliyekuwa na mtoto Dar es Salaam alitumiwa mani oda ya posta, au bahasha iliyofungwa kwa gundi na kukabidhiwa kondakta wa basi. Masika yakikaza, hata kondakta alikwama: magari ya kusini yalivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukifurika au kivuko kikiharibika, safari iliishia ukingoni. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003.

Kadi iliyopita kando

Wakati huo benki zilikuwa zimebadilika. Sheria ya 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ikazaliwa NMB iliyorithi matawi mengi ya wilayani. CRDB ikaja na TemboCard. Mijini, foleni ndani ya benki ikahamia nje, kwenye mashine.

Mashine ya kutolea fedha inahitaji umeme usiokatika ovyo, laini ya mawasiliano, gari la kuleta noti, na wateja wa kutosha wenye mshahara. Mohoro na visiwa vya delta havikuwa na hesabu hiyo. Kadi ikawa mali ya mwalimu, muuguzi na mtendaji. Mwisho wa mwezi mwalimu alilifunga daftari, akapanda gari hadi mjini, akapanga foleni, akalala ikibidi, akarudi na noti. Nauli na siku ya kazi iliyopotea vilikuwa gharama ya kadi ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya benki. Na akisharudi, kadi haikuwa na kazi tena hadi mwezi ujao, kwani hakuna duka lililokuwa na mashine ya kuipokea. Plastiki ile ilikuwa ufunguo wa kutolea pesa, haikuwa njia ya kulipia.

Kibanda cha wakala

Kenya ilizindua M-Pesa Machi 2007. Vodacom Tanzania ikafuata Aprili 2008, kisha Zantel, Zain ambayo leo ni Airtel, na mwaka 2010 Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas. Mwanzoni mambo yalikwenda polepole: nchi ni kubwa, watu wametawanyika, mawakala walikuwa wachache. Huduma ilishika kasi pale mawakala walipofika vijijini.

Simama kwenye kibanda kimoja utaelewa. Kina upana wa meza, kimepakwa rangi za mitandao miwili mitatu, ndani yake mna vocha, soda na sabuni. Mama mtu mzima anafika na simu ya vitufe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kutoa elfu ishirini, mjukuu kanitumia."

"Katuma na ya kutolea?"

"Katuma."

Wakala anamsomea namba yake, mama anabonyeza, namba ya siri anaificha kwa kiganja, ujumbe unaingia kwenye simu zote mbili. Wakala anaandika kwenye daftari: jina, namba, kiasi, sahihi. Noti zinahesabiwa mara mbili. Mama anapokea elfu ishirini kamili, kwa sababu mtumaji wa Dar es Salaam alijua adabu ya kumlipia makato.

Hakuna mashine hapo. Kuna mtu mwenye noti na jina linalojulikana kijijini, na hicho ndicho ambacho kadi haikuwa nacho. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa bila kujali mtandao, na Vodacom ikajiunga 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufika hapo kwa makubaliano ya soko lenyewe. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha, wengi wao wakiwa wameingilia mlango wa simu.

Floti na makato

Wakala naye ana kikomo, nacho ni floti, yaani mtaji wake wa noti na salio la simu. Wavuvi wa kamba wakiuza siku moja, au malipo ya ufuta na korosho yakiingia kwa wakati mmoja, kila mtu anataka noti na kibanda kinakauka kabla ya adhuhuri. Wakala anasema "pesa hakuna, njoo jioni", na salio la simu linakuwa sawa na stakabadhi ya ushirika ya zamani: yako, lakini hujaishika. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Mohoro na bonde zima yalionyesha upande wa pili. Ndugu waliokuwa mbali waliweza kutuma pesa mara moja, lakini barabara na maduka yakiwa majini, mpokeaji alihitaji kwanza kumfikia mwenye noti.

Kuna pia makato. Julai 2021 serikali iliweka tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zikawa kubwa. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Mwenye kipato kikubwa aliweza kuibeba. Anayetumiwa elfu kumi kumi kila wiki ndiye aliyeihisi, maana ada za kutuma na kutoa zilikwishamla kabla tozo haijafika.

Wajanja nao hawakuchelewa. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewafikia Watanzania wengi, na usajili wa laini kwa alama za vidole, uliokuwa na mwisho Januari 2020, haukuumaliza. Baadaye zikaja programu za mikopo ya haraka zinazowatisha wadaiwa na ndugu zao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na leseni. Mwenye duka wa zamani alijua watoto wa mdaiwa kwa majina, na aibu yake ilikuwa ya mtaa mmoja. Programu inabeba orodha nzima ya namba za simu yako.

Kinachobaki

Mtambo sasa upo. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2021, unaunganisha benki na mitandao ya simu papo kwa papo, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu. Maduka mengi yamebandika ukutani lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo. Hata hivyo mvuvi wa delta akilipwa kwenye simu, bado anatoa noti anunue mafuta ya boti, barafu na unga, kwa kuwa wauzaji wake nao wanadaiwa noti na wanakwepa makato ya kupokea. Kila mzunguko unaanzia kwenye simu na kuishia kwenye daftari la wakala, na kila mara kipande kinakatwa.

Ndiyo maana ushindi wa simu dhidi ya kadi hautoshi kuwa mwisho wa habari. Utakamilika siku pesa ya mauzo ya kamba itakapoweza kununua mafuta, kulipa ada ya shule na kurudi kununua wavu bila kutolewa hata mara moja, na bila anayepokea kuadhibiwa kwa kupokea. Uamuzi huo hauko mikononi mwa mvuvi wala wakala. Uko kwa wanaopanga viwango vya makato, na wao, tangu zama za rupia tatu, hawajawahi kukaa Mohoro.